Mashine Haijachoka, Maji Yamekwisha Chini

Ukikaa asubuhi kwenye mialo ya Bwai, kata ya Kiriba, boti za dagaa zinaporudi, utasikia lawama ileile kutoka kwa watu tofauti. Boti imetoka ndani ziwani ikikimbia vizuri, imekaribia nchi kavu, ghafla imekuwa nzito. Nahodha ameongeza mafuta; mlio wa mashine umepanda, mwendo umebaki palepale. Nyuma limeinuka wimbi ambalo halikuwapo muda mfupi uliopita, na upande wa nyuma wa boti umekaa chini kana kwamba kuna watu wameongezeka. Wakishafunga kamba hukumu inatolewa: mashine imechoka. Fundi anaitwa, anafungua kabureta, anasugua plagi, anachukua chake. Kesho yake boti inachoka tena, mahali palepale.

Fundi angeanzia hapo, kwenye "mahali palepale". Mashine iliyochoka kweli ingechoka pia kule ndani, kwenye maji marefu. Ile inayochoka kila inapovuka mstari fulani karibu na nchi kavu haina ugonjwa. Imeingia maji mafupi, na huko mafuta yanazaa mawimbi kuliko mwendo. Nawaandikia wanaoshika usukani kwenye mwambao wa Majita na ng'ambo yake upande wa Bunda, pamoja na abiria wao, maana mara nyingi abiria ndiye anayepiga kelele "baba, ongeza moto" wakati moto unatakiwa upunguzwe.

Ziwa letu, Victoria, ni pana kuliko lilivyo refu kwenda chini. Linazidi kilomita za mraba 68,000, lakini wastani wa kina chake ni mita 40 hivi, na pale penye kina kikubwa kabisa hapazidi mita 85. Tanganyika inazama zaidi ya mita 1,400. Nahodha wa Kigoma anaondoka ufukweni na baada ya muda mfupi ana mamia ya mita chini yake. Wa Kiriba anaweza kusafiri karibu na sakafu ya ziwa kwa muda mrefu bila kujua kwamba iko karibu. Ndiyo maana jambo hili linatuhusu sisi zaidi.

Boti inapokwenda inasukuma maji, na maji hayo lazima yapate pa kupita ili yajaze nafasi iliyoachwa nyuma. Kwenye maji marefu yanapita pembeni na chini bila shida. Kina kikipungua, njia ya chini inabanwa, na maji yaliyobaki yanapita kwa kasi kati ya mbao na mchanga, kama umati unaotoka uwanjani kwa mlango mmoja. Maji yanayokwenda kasi hupoteza nguvu ya kuinua kilicho juu yake, kwa hiyo boti inashuka, na boti zetu kwa kawaida hushuka zaidi nyuma, kule kulikofungwa mashine. Boti ya mbao iliyosheheni ikikimbizwa kwenye maji mafupi inaweza kushuka sentimita 10 na zaidi kuliko inavyokaa ikiwa imesimama. Kwa hiyo unapohitaji nafasi zaidi chini ya propela, mwendo wako wenyewe ndio unaoila nafasi hiyo.

Jambo la kukumbuka hapa ni kwamba kushuka huko hakuongezeki sawasawa na mwendo. Ukiongeza mwendo mara mbili, boti inashuka mara nne. Geuza hesabu hiyo upate ushauri wa kwanza: ukipunguza mwendo nusu, kushuka kunabaki robo tu. Hakuna njia rahisi kuliko hiyo ya kujiongezea kina. Hutupi mzigo, humshushi abiria majini, unalegeza mkono.

Halafu kuna mawimbi ambayo boti yenyewe inayatengeneza. Kila boti inayolala majini inakwenda na wimbi lake, na urefu wa wimbi hilo unafuata mwendo. Boti yenye urefu wa mita 9 majini, ikifika kilomita 13 au 14 kwa saa, inakuwa na wimbi moja lenye urefu sawa na wake: kilele kimoja mbele, kingine nyuma, na boti imelala katikati. Kwenda zaidi ya hapo kunataka boti ipande juu ya wimbi lake la mbele, na kwa mzigo wa dagaa na mashine ya nguvu za farasi 15 hilo halitokei. Huo ndio ukomo wake hata kwenye maji marefu.

Kwenye maji mafupi ukomo unashuka zaidi, kwa sababu wimbi nalo lina mwendo wake wa mwisho, na mwendo huo unapangwa na kina. Kina kikiwa nusu mita, wimbi haliwezi kwenda zaidi ya kilomita 8 kwa saa. Kwenye mita 1 ni kilomita 11. Kwenye mita 2 ni 16, na kwenye mita 4 ni 22 hivi. Boti inayokaribia mwendo huo inajikuta inasukuma wimbi ambalo haliwezi kuikimbia. Maji yanarundikana, omo, yaani mbele ya boti, inainuka, nyuma inazama, mashine inalia, na mafuta yanakwisha kwa kazi ya kukuza wimbi. Mwili wa boti unaanza kusikia uzito huo mapema, ukifika karibu theluthi mbili ya mwendo niliotaja. Maana yake kwenye maji ya mita 1, kilomita 7 kwa saa zinatosha kuamsha balaa. Hiyo ni kasi ya mtu anayetembea kwa haraka mno, karibu kukimbia.

Kama hesabu zinakuchosha, shika hii: gawa urefu wa boti yako kwa mbili. Kina kikiwa kidogo kuliko nusu ya urefu wa boti, na unakwenda moto wote, umeanza kulipa gharama. Kikiwa chini ya robo, gharama ni kubwa na unaiona kwa macho. Boti ya mita 9 inaanza kulipa kwenye mita 4 na nusu, na kwenye mita 2 inalipa sana. Mtumbwi wa makasia wa mita 5 unakwenda taratibu, kwa hiyo hausumbuki mpaka maji yawe ya kiuno au ya magoti. Hapo kila mpiga kasia anajua jinsi unavyokuwa mzito kuvuta. Mwendo wenyewe siku hizi haupimwi kwa kukisia. Simu ya kawaida ya kupangusa inasoma setilaiti na kukuonyesha kilomita kwa saa. Iweke kwenye mfuko wa nailoni, mpe kijana wa mbele asome kwa sauti wakati unapoingia. Fanya hivyo mara chache kwenye mwalo wako, moto wote na nusu moto, utashangaa tofauti ya mwendo ilivyo ndogo ukilinganisha na tofauti ya mafuta.

Dalili zipo, lakini nyingi ziko mgongoni mwa nahodha. Yeye anatazama mbele, habari iko nyuma. Kwenye maji marefu mawimbi ya boti yanafunguka taratibu nyuma yako kwa umbo la mkuki. Maji yakipungua umbo hilo linapanuka, mikono yake inazidi kukaa kama msalaba na njia yako, na wimbi la nyuma linakuwa refu, lenye ukuta, linakufuata kwa karibu bila kukuacha. Upande wa nchi kavu utaliona linavunjika. Maji ya propela yanabadilika rangi, kwanza kahawia hafifu, kisha tope. Mlio wa mashine unakuwa mzito. Usukani unakuwa mlegevu au unavuta upande mmoja. Mpe mtu mmoja kazi ya kutazama nyuma tangu mnapoiona miti ya ufukweni waziwazi, na akisema wimbi limekuja, usibishane naye. Punguza.

Ila namna ya kupunguza nayo ina adabu yake. Ukifunga moto kwa ghafla, boti inasimama lakini wimbi ulilolitengeneza halisimami. Linakukuta kwa nyuma, linainua tezi, yaani ncha ya nyuma, linaweza kumwaga maji kupitia ubao wa mashine ambao kwa kawaida ndio mfupi kuliko yote. Boti iliyobeba magunia ikipokea maji hayo mara mbili tu, ngama, yaani chini ndani ya boti, inajaa na mashine inazimika. Punguza kwa hatua, ukianza mapema, kabla ya kina kuisha, na acha wimbi lipite huku boti ikiwa bado inatii usukani.

Hapa mtu mwenye boti nyepesi ya faiba na mashine ya nguvu za farasi 40 atasema: mbona mimi nikikanyaga moto kwenye maji mafupi nakimbia vizuri zaidi? Ana haki, na habari yake ilijulikana zamani. Mwanzoni mwa karne ya 19 kule Scotland, kwenye mfereji wa Glasgow, Paisley na Ardrossan, mashua za abiria zilikuwa zikivutwa na farasi anayetembea ukingoni. Siku moja farasi wa mwenye mashua mmoja, William Houston, alishtuka akatimka nayo. Badala ya mashua kurundika maji mbele na kupiga kingo za mfereji kama ilivyozoeleka, ilipanda juu ya wimbi lake, maji yakatulia, na farasi akawa anaivuta kwa wepesi kuliko alipokuwa akienda polepole kidogo. Houston aliona biashara ndani yake. Mhandisi John Scott Russell, ambaye mwaka 1834 alilifuata kwa farasi wimbi moja pweke kwenye mfereji karibu na Edinburgh, ndiye aliyeandika habari hiyo na kuichunguza: mfereji wa maji mafupi una mwendo wake wa wimbi, na mashua ikishauvuka mwendo huo uzito unapungua.

Kwa hiyo kuna miendo miwili iliyo salama kwa mafuta kwenye maji mafupi, wa polepole sana na wa kasi sana, na mbaya zaidi ni ule wa katikati. Boti nyepesi isiyo na mzigo inaweza kuruka katikati hiyo. Boti ya dagaa iliyojaa haiwezi. Itabaki inapanda mteremko wa maji hadi mafuta yaishe. Nami hata mwenye faiba namshauri asifanye mchezo huo akiingia mwalo. Mwendo wa juu unainua boti, ndiyo, lakini siku moja utalazimika kusimama, na ukisimama nyuma inashuka kwa ghafla pale ambapo maji ni ya magoti. Propela inakutana na jiwe. Na mwambao wa Musoma, kila mtu anajua, mawe hayakosekani.

Kuhusu usukani. Boti inapogeuka, nyuma yake inateleza kwenda nje, na maji lazima yapite chini yake ili yaipishe. Yakikosa njia ya chini yanakaa ukuta, nyuma inakataa kuteleza, na boti inachora mduara mkubwa kuliko uliouzoea. Kwenye maji mafupi sana unaweza kuwa karibu mara mbili. Nahodha aliyezoea kukata kona mbele ya jiwe fulani akiwa na mita 5 chini anaweza kulipanda jiwe hilo mwezi ambao maji yamepungua, kwa mkono uleule na mwendo uleule. Kusimama kwa rivasi pia kunachukua umbali mrefu zaidi. Anza kugeuka mapema na usitegemee rivasi ikuokoe.

Kuna jambo jingine ambalo vijana wengi wanalitafsiri vibaya. Ukipita sambamba na fungu la mchanga au ukuta wa matete, maji ya upande huo yanabanwa zaidi ya upande wa pili. Mbele ya boti inasukumwa kwenda kwenye maji marefu, nyuma inavutwa kwenye fungu. Mshika usukani anahisi boti inakimbia kando, anadhani ni upepo, anakaza usukani kuirudisha, na kwa kuirudisha anaipeleka mbele kwenye fungu lenyewe. Boti ilikuwa inamwambia kina kiko wapi. Ikikataa usukani bila sababu ya upepo, legeza moto kwanza, iache isogee kule inakotaka, halafu ndipo utafute njia. Mkikutana boti mbili kwenye njia nyembamba katikati ya mafunjo, wote punguzeni; zikipishana kwa kasi zinavutana ubavu kwa ubavu.

Haya hayawasumbui wavuvi peke yao. Tarehe 7 Agosti 1992 meli kubwa ya abiria Queen Elizabeth 2 iligonga mwamba karibu na kisiwa cha Cuttyhunk, jimbo la Massachusetts, Marekani, ikiwa na rubani wa bandari na ramani mezani. Mwamba ulikuwa juu kidogo kuliko ramani ilivyosema, na meli, kwa kasi ya noti kama 25, ilikuwa imeshuka zaidi ya walivyokadiria. Ikiwa wao walikosea, wewe usiye na ramani pima.

Kupima hakuhitaji mashine ya kuangaza samaki. Chukua pondo, mti mrefu mnyoofu wa mita 4, upake rangi kila nusu mita, nyeupe na nyekundu kwa zamu, na alama moja ya pekee kwenye kina ambacho boti yako ikiwa imesheheni inagusa, ukiongeza nusu mita. Kijana wa omo analishusha upande wa mbele huku boti ikienda, linalala kuelekea nyuma, anasoma linapokuwa wima. Kwa maji marefu zaidi tumia kamba yenye jiwe na mafundo kila pima moja, yaani kiasi cha mikono miwili iliyonyooshwa. Mafuta ya ng'ombe au sabuni ya mche ikipakwa chini ya jiwe itarudi na mchanga, tope au chochote kilichopo. Ikirudi safi na jiwe limekwaruzika, chini kuna mwamba. Mabaharia wa pwani wanaijua kazi hii tangu enzi za majahazi.

Mzigo nao upange kwa kuzingatia unakoingia, maana unakotoka maji ni marefu. Kwa kuwa nyuma ndiyo inayoshuka, sogeza kreti au magunia machache mbele kabla ya kufika, boti ikae sawa na propela iinuke. Yasogezwe mkiwa bado kwenye maji tulivu, na yasogezwe na watu wawili walioinama. Abiria wasiambiwe wahamie mbele kwa pamoja, na wasisimame kwa kuwa wameona nchi kavu. MV Nyerere, tarehe 20 Septemba 2018, ilipinduka ikiwa inakaribia gati la Ukara, ikaua zaidi ya watu 220. Uwezo wake ulikuwa abiria 101. Kilichoizamisha hakikuwa kina kifupi, kilikuwa mzigo uliopita kiasi. Ninaitaja kwa sababu ya mahali, mita chache kutoka gatini, pale ambapo kila abiria ameshaanza kufunga mizigo yake na kuvua jaketi la kujiokolea. Jaketi livuliwe mguu ukiwa mchangani.

Sasa mashine. Kabla ya kuingia maji mafupi, fungua kifungo kinachoizuia isiinuke, ili ikigonga jiwe iruke juu badala ya kuvunja mguu wake. Ukitaka kurudi nyuma kifunge tena, la sivyo mashine itajiinua yenyewe propela ikiwa inazunguka hewani karibu na watu. Mashine nyingi zina nafasi ya kukaa nusu juu kwa ajili ya maji mafupi. Itumie kwa mwendo mdogo tu, na hakikisha tundu la kuvuta maji ya kupoza bado limezama. Tazama kile kijimkondo cha maji kinachotoka pembeni mwa mashine. Kikidhoofika baada ya kupita kwenye tope au magugu maji, zima, inua, safisha kichujio. Mchanga unaovutwa unakula impela ya pampu ya maji kidogo kidogo, na mwezi unaofuata mashine inaungua ukiwa mbali na nchi kavu, wala hutakumbuka chanzo.

Kama propela yako inashikwa na pini ya kukatika, beba pini za akiba na plaizi. Pini imetengenezwa iwe dhaifu makusudi, ikatike propela inapogonga ili gia zipone. Kuna watu wanaweka msumari. Msumari haukatiki, na seti ya gia kwa fundi wa Musoma mjini haina bei ya msumari. Magugu au kamba ya wavu ikishika propela, zima mashine kabisa kabla ya kupeleka mkono. Kuiweka gia huru hakutoshi.

Ukikwama, kumbuka uko ziwani. Nahodha wa Zanzibar akipwelea maji yakiwa yanatoka anaweza kukaa, akapika chai, na baada ya saa kadhaa maji yakarudi yakamwinua. Bamvua, yaani maji makubwa ya kule, linapanda na kushuka hadi mita 4 hivi. Huku hakuna maji yatakayokuja kukuchukua. Kila dakika unayokaa juu ya fungu huku mawimbi yakikupiga, boti inajichimbia. Kwa hiyo fanya haraka bila papara: zima moto, inua mashine uangalie propela, uliza kama kuna maji yanayoingia. Usichome rivasi kwa nguvu, kwa kuwa propela itatupa mchanga chini ya boti na kukujengea kitanda kizuri zaidi. Tumia pondo. Tuma mtu apime kuzunguka boti, na ujitoe kupitia upande ule uliotokea, kwa sababu huo ndio pekee unaojua una maji. Watu wawili watatu wazima wakishuka, boti inainuka sentimita kadhaa, na mara nyingi hizo ndizo zilizokuwa zinahitajika. Wasishuke upande wa chini wa wimbi. Boti ikiinuliwa na kutupwa, itawaangukia.

Mawimbi ya upepo yenyewe yanatii sheria ileile ya kina. Yakitoka maji marefu yanapunguza mwendo, yanasogeleana, yanasimama wima, kisha yanavunjika. Wimbi la mita 1 linavunjika kina kikifika kama mita 1 na robo. Na boti inayoingia kwa kilomita 11 kwa saa juu ya maji ya mita 1 inakwenda sawa kabisa na wimbi linaloibeba. Huo ndio mwendo wa hatari kuliko yote. Wimbi linashika tezi, maji yanayopita kwenye propela na usukani yanasimama kwa kuwa vyote vinakwenda pamoja, omo inachoma chini, nyuma inazunguka, na boti inalala ubavu mbele ya wimbi linalofuata.

Usiingie na wimbi. Simama nje ya mahali yanapovunjika, elekeza omo ziwani, uyatazame kwa muda. Yanakuja kwa mafungu. Baada ya makubwa machache hufuata madogo. Geuka baada ya kubwa la mwisho, kaa kwenye mgongo wa wimbi lililotangulia, taratibu kidogo kuliko lenyewe, ulifuate hadi mchangani bila kulipita. Kumbuka pia kwamba kwenye bonde la wimbi kina kinapungua: maji ya mita 1 yenye wimbi la nusu mita yana nafasi ambapo unabaki na sentimita 75 tu. Na kama yanavunjika mlango mzima wa mwalo, ondoka hapo. Majita ni rasi, ina nyuso zaidi ya moja. Alasiri, upepo wa ziwani unapopiga kutoka magharibi, upande uliojificha utakuwa umetulia, na kutembea kwa miguu kutoka mwalo wa jirani hakujawahi kuvunja boti ya mtu. Utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa unatangazwa redioni na unafika kwenye simu. Usikilize kabla ya kutoka.

La mwisho ni alama, na hili mtu mmoja haliwezi. Kumbukumbu za wazee kuhusu mawe na mafungu zilikuwa sahihi kwa ziwa walilolijua, lakini ziwa hili halikai mahali pamoja. Kati ya mwaka 1961 na 1964 lilipanda zaidi ya mita 2. Mwaka 2006 lilikuwa limeshuka vibaya, watu wakalima palipokuwa majini. Mei 2020 likapita hata kiwango cha 1964, likafunika mashamba, uzio na miti. Vigingi vya uzio na visiki vya miti hiyo bado vipo chini, vimesimama, na vingine viko katikati ya njia ambayo kijana wa leo anaiona ni maji tu. Serikali ya kijiji na kikundi cha kusimamia mwalo wakae, wapime njia moja ya kuingilia, wasimike miti mirefu pande zote mbili, nyekundu upande mmoja na nyeupe upande wa pili, yenye kitambaa kinachoonekana alfajiri boti zinaporudi. Wapime tena mwishoni mwa masika, ziwa linapokuwa limejaa, na tena kabla ya vuli, linapokuwa limepungua. Kina kiandikwe kwa rangi kwenye ubao pale mwaloni, na tarehe ya kupima iandikwe pembeni yake, ili nahodha anayetoka Bunda au Ukerewe ajue anasoma kina cha mwezi gani.